Kabla Hujahamia Uzunguni

Mbalizi, Jumapili alasiri

Asajile mwanangu,

Mimi sijambo, mama yako hajambo, na wewe najua hujambo kwa sababu nakusikia hapo nje unabishana naye juu ya mkungu wa ndizi. Yeye anataka uende nao Iringa, wewe unasema basi halina nafasi. Utaondoka nao, nakwambia mapema usijichoshe. Basi salamu zimekwisha, niseme lililonikalisha.

Nimewaambia kichwa kinaniuma nikajifungia chumbani. Hakiniumi. Barua hii nitaiingiza kwenye sanduku lako kati ya mashati, uikute huko unapopanga nguo, wakati mimi niko mbali na huwezi kuniuliza maswali usoni. Ningeweza kukuambia kesho pale stendi, ila mbele ya watu mimi husema habari za mvua na maharage tu, unanijua. Na Kiswahili nimekichagua makusudi. Kinyakyusa ni cha kuombolezea na cha kuposea. Nikikitumia hapa sitafika mwisho wa ukurasa. Kiswahili nimekifanyia kazi miaka ishirini na miwili, na kinaniruhusu nisimame mbali kidogo na jambo nilitazame.

Ya sweta, ya kuchemsha maji, ya kwenda kanisani, mama yako ameshayasema na atayasema tena kesho basi likiwa linaondoka. Sitayagusa.

Nianze na nyumba. Uliponisomea ile barua ya serikali, kwamba umekuwa afisa msaidizi wa kilimo na kwamba utapewa fleti ya juu katika jengo jipya la fleti nne kule Uzunguni wa Iringa, nilikuomba uisome tena. Ulidhani sikusikia. Nilisikia vizuri, nilitaka tu kuisikia mara ya pili. Mtaa wenyewe nimewahi kuupita, nikiwa safarini na Bwana wangu, Mzungu niliyempikia: majumba ya tangu enzi za Wajerumani, kuta nene, mabati mekundu, miti mikubwa mbele ya kila baraza, na njia safi kama meza iliyofutwa. Sasa katikati ya majumba hayo wamejenga fleti, zina bafu ndani na maji ya moto ukutani, na mmoja wa watakaolala humo ni mtoto aliyezaliwa uani. Nilifurahi, Asajile. Nasema wazi kwa sababu siku ile uso wangu haukusema kitu, na mama yako amenilaumu kwa hilo mpaka leo.

Lakini Uzunguni nakujua kuliko wewe, ingawa nilikujulia Mbeya, tena upande wa nyuma. Kuna kimya kule ambacho mtu wa kwetu hakizoei. Hapa Mbalizi nikikohoa asubuhi, jirani anauliza kutoka kwake kama nimelala salama. Uzunguni unaweza kukaa mwaka mzima na mtu, ua wa michongoma katikati yenu, usimjue hata sauti. Mwanzoni kimya kile kilinitisha. Baadaye nikakipenda, na hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Nikawa nazungumza kwa sauti ndogo hata nikienda sokoni. Nikawa naona watu wa Majengo, mtaa wa watu wetu, wana kelele. Siku moja nilimwambia mama yako atuletee supu kwanza, ugali ufuate baadaye, kila kitu na sahani yake. Aliitazama ile supu, akaniuliza ni mboga au maji ya kunawa. Nilikasirika sana, kwa sababu kicheko chake kilisikika mpaka nyumba kubwa.

Na wewe nilikupiga kwa ajili ya majani. Labda umesahau, ulikuwa na miaka mitano. Ulitoka uani ukakimbia katikati ya bustani ya mbele, kwenye yale majani yaliyokuwa yakikatwa kila Alhamisi, ukalala chali ukitazama mijakaranda. Memsahibu alikuwa barazani na kitabu chake. Kabla hajasema neno nilikufikia nikakucharaza, nikasema kwa sauti, ili asikie, kwamba Bwana hataki watoto hapa. Bwana hakuwahi kusema hivyo. Memsahibu mwenyewe alishangaa, akaniuliza mtoto amefanya nini. Ile sheria niliitunga mimi, nikampachika Bwana.

Nakuambia hilo kwanza kwa sababu ni dogo, na linalofuata ni kubwa lakini ni la ukoo mmoja na hilo.

Babu yako, baba yangu, alikaa kule milimani Rungwe na hakujua kusoma. Barua zangu alisomewa na mwalimu wa misheni, kila Jumapili baada ya ibada, mbele ya wazee wenzake. Mimi nilijua kwamba zinasomwa mbele ya wazee. Kwa hiyo niliandika: Baba, mwanao anakaa Uzunguni. Niliandika habari za maua, taa za umeme, moto unaowashwa ndani ya ukumbi ili watu waote wakiwa wamekaa vitini. Sikuandika uongo hata mmoja. Sikuandika tu kwamba huo moto naukoka mimi na kisha natoka. Mzee akawa anatembea kijijini kifua mbele.

Ulipozaliwa, ukiwa na wiki tatu, alifunga safari kuja kukuona. Alitembea siku mbili. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita huna haja ya kuelezwa. Alikuja na blanketi begani, kibuyu cha maziwa ya mgando na fimbo, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini. Ilikuwa Jumamosi mchana. Bwana alikuwa na wageni kumi kwenye chakula, Wazungu wa dhahabu kutoka Lupa na wake zao, na mimi nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe na ule mshipi mwekundu, sinia mkononi. Nikatoka jikoni kumwaga maji nikamkuta amesimama uani, karibu na kuni, anaitazama nyumba kubwa. Anatabasamu.

Akaniambia, "Mwanangu, nyumba yako ni kubwa kuliko nilivyosomewa."

Sikumjibu juu ya nyumba. Nilimwamkia, nikapiga magoti palepale na kanzu yangu. Halafu nikasikia kengele ya ndani, na sauti ya Bwana ikiita, "Boi!"

Mzee akageuka kutafuta mtoto anayeitwa.

Mwanangu, nimepika kwa Wazungu wanne, nimeunguza nyama, nimevunja vyombo, nimetukanwa. Hakuna saa iliyonibana kama ile. Niliona kwamba akikaa hata mpaka jioni ataisikia tena ile kengele, mara kumi, mara ishirini, na safari moja ataniona mimi ndiye ninayeitika. Basi nilitaka aondoke. Hiyo ndiyo kweli yake, sina nyingine. Nilitaka baba yangu aondoke nyumbani kwangu.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Mila yetu unaijua: mkamwana hamtazami baba wa mumewe, hakai naye chini ya paa moja, wakikutana njiani yeye huingia majanini. Na mimi nilikuwa na chumba kimoja tu, na mama yako alikuwa ndani na wewe kifuani. Aliposikia sauti ya mzee, tayari alikuwa amejifunika kitenge na kugeukia ukuta. Basi nikainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu sana, nikasema, "Tata, chumba ni kimoja na mkamwana wako yumo. Atakuheshimuje? Nitakulaza wapi?"

Mzee hakuhuzunika. Alinishika bega. Akanishukuru, "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo. Umekaa kwa Wazungu miaka yote hii na hukuitupa heshima."

Nilikuchukua kwa mama yako nikakutoa nje. Babu yako alikushika pale kwenye kuni, akakufungua kidogo blanketi, akakutazama vidole vya miguu, akakutemea mate ya baraka kwenye paji. Hakukaa nawe hata muda wa kuchemsha birika. Kengele ililia tena, akadhani ni ya kanisa, mimi nikasema ndiyo. Akanirudishia mtoto, akaweka kibuyu mlangoni, akaondoka kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia akalale Majengo kwa watu wa kwetu. Sikumtajia mtu hata mmoja, maana sikuwa najuana na watu wa Majengo tena, nilishakuwa mtu wa Uzunguni.

Kumbe chumba kilikuwapo. Upande wa pili wa banda la kuni kilikuwapo chumba cha yule aliyekuwa akitunza bustani, aliyerudi kwao Usangu mwezi mmoja nyuma. Kilikuwa kitupu, kina kitanda cha kamba na mlango wake unaotazama mlimani. Mzee angelala humo wiki nzima asionane na mkamwana wake hata kivuli. Bwana asingekataa, nilishamwombea ruhusa hiyo mpishi wa jirani alipopata wageni, akasema chukua. Na ufunguo wa chumba hicho nilikuwa nao mimi, mfuko wa kanzu, upande wa kulia. Wakati nasema nitakulaza wapi, ulikuwa unanigusa pajani.

Mama yako alijua. Jioni ile nilipomaliza kuosha vyombo nilimkuta amekaa, kitenge amekivua, kibuyu cha maziwa kiko mbele yake hakijaguswa. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Chumba cha bustani kina nini?"

Nikasema hakina kitu.

"Kina mtu?"

"Hakina."

"Basi siku nyingine ukiona haya, zitaje kwa jina lake," akasema. "Usinitaje mimi. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta namheshimu baba yako. Wewe ulikuwa unamfukuza, ukaniweka mimi mbele."

Hatukuzungumza tena juu ya hilo kwa miaka mingi. Lakini tangu siku ile, mama yako akinitengea chakula na nikasema uongo mdogo, hata wa kusema nimeshiba, hunitazama hivi, na mimi hujua anatazama mfuko wa kanzu.

Nilitaka kwenda Rungwe kumwambia mzee. Niliomba likizo ya Krismasi, Bwana akawa na wageni. Nikasema Pasaka. Masika yalipoanza, akaja mtu na habari kwamba mzee alishikwa na kichomi na hakumaliza siku nne. Nilikwenda kwenye matanga. Huko ndiko nilikoadhibiwa vizuri, maana kila mzee aliyesimama kusema alisema lile lile: kwamba marehemu alirudi kutoka Mbeya akimsifu mwanawe, kwamba mwanawe anakaa penye umeme lakini bado anajua mkamwana ni nani na baba mkwe ni nani. Walinitolea mimi mfano kwa vijana. Nilikaa kwenye mkeka nikainamisha kichwa, na kila aliyeniona alidhani ni unyenyekevu.

Unaweza kuuliza kwa nini sikusimama nikasema. Ningemwondolea marehemu sifa yake, hivyo nilijiambia. Hapo pia nadhani nilikuwa nikijificha nyuma ya mtu mwingine, safari hii nyuma ya maiti.

Sasa nimefika kwako, na mkono umechoka, lakini hapa ndipo nilipokuwa nakuja.

Jumanne ya juzi, tulipokuwa tunapukuchua mahindi, nilikwambia kwamba mkeo akishajifungua, mwezi wa kumi hivi, nitakuja Iringa kumwona mtoto na kuiona hiyo fleti. Nilisema kama mzaha. Wewe uliendelea kupukuchua. Ulimaliza gunzi lote, ukalitupa, ukasema bila kunitazama, "Baba, ile fleti ina korido moja na mlango mmoja. Mkamwana wako atakuheshimuje?"

Nilisema, kweli, nikaenda kutazama ng'ombe.

Wewe hukujua umesema nini. Yale yalikuwa maneno yangu, Asajile. Miaka ishirini na mitano nimekaa nayo; nayajua yalivyokunjwa, nayajua mahali pake pa kushikia. Nilisimama pale zizini nikajisemea, basi yamenirudia, na niliona ni haki yangu. Ningeliacha hivyo hivyo. Lakini mama yako hakuliacha, na unamjua akishika jambo.

Alikwenda kumwuliza mkeo. Wewe ulikuwa mjini kufuata tiketi. Mkeo, kwa habari niliyoletewa, alishangaa kwanza, kisha akasema, "Mama, mbona nilishalifikiri? Kuna ngazi ya nyuma, inatokea jikoni. Tata atapita ngazi ya mbele, mimi nitapita ya nyuma. Chumba cha mwisho nitamwachia, na chakula atapelekewa na mume wangu. Hata pazia la korido nimeshalishona." Akamwonyesha pazia. La bluu, mama yako anasema, limekunjwa chini kabisa ya kapu la nguo za mtoto. Halafu akamwuliza ninapenda nini asubuhi, chai au uji.

Kwa hiyo binti yule, ambaye sijawahi kuona macho yake wala yeye yangu, amenishonea pazia ili nije. Na wewe umemweka mbele ili nisije. Nakwambia kama alivyoniambia mama yako: usimtaje yeye.

Sikuandika kukugombeza. Mtu aliyefanya nilichofanya hana fimbo ya kumpiga mwingine. Nimekaa tu nikafikiri mwanangu anaogopa nini, kwa sababu kiburi huna, hukuwahi kuwa nacho, hata shuleni ulikuwa unagawa kalamu zako. Nikakumbuka usiku wa kwanza ulipotoka Iringa kuiona nyumba. Ulipokuwa unatusimulia, ulisema fleti ya chini yako anakaa Bwana mmoja wa idara ya barabara, mzee sasa, ana kovu kidevuni, zamani alikuwa Mbeya. Ulipotaja kovu ulinitazama haraka, ukahamia habari ya maji ya moto.

Namjua. Jikoni tulimwita Bwana Tena, kwa sababu ya pudini. Hakuna siku aliyomaliza sahani asiseme tena. Miaka mitatu alikula kwa Bwana wangu kila Ijumaa, na mimi nikimsimamia nyuma ya kiti. Si mtu mbaya. Alipohamishwa alinipa sweta. Na najua kabisa itakavyokuwa: nitapanda ngazi za nyumba ya mwanangu, naye atafungua mlango wake wa chini, atanitazama, uso utamng'aa, na ataniita kwa furaha kama alivyozoea kuniita. Boi. Mbele yako, labda mbele ya wageni wako, na wewe na suruali yako ya kazi na funguo za fleti mkononi.

Hicho ndicho unachokiogopa. Kama nimekosea, uniambie, nitafurahi kukosea. Lakini sidhani nimekosea, kwa sababu mimi niliogopa hicho hicho kutoka upande wa pili wa ngazi. Mimi sikutaka baba asikie naitwaje. Wewe hutaki kusikia baba anaitwaje. Haya za namna hii hazimaanishi kwamba humpendi mtu. Miaka mingi nilidhani sikumpenda baba yangu, mpaka nilipokuona juzi umeinamia lile gunzi, nikatambua kwamba nilimpenda tu vibaya.

Nitakuambia la Bwana Tena, maana nimeshalipima. Akiniita, nitaitika. Si kwa woga. Ni kwamba jina lile nimelivaa miaka ishirini na miwili, limekulisha, limekulipia shule, siwezi kujifanya silijui mlangoni kwako. Nitaitika, nitamwuliza habari za kidevu chake. Kitakachobaki ni chako. Utasimama pale juu na utakuwa na neno moja la kusema au utakuwa umekumbuka kitu jikoni. Sikuambii lipi. Najua tu kwamba yule wa kukumbuka kitu jikoni, baadaye hukaa miaka mingi na huo mlango wa jikoni.

Na hata ukilisema hilo neno, usidhani litakuwa tamu. Atashtuka, mzee wa watu. Ataona haya yeye, utaona haya wewe, mimi nitataka kupitia dirishani. Sote watatu tutasimama kwenye ngazi kama watu waliosahau walichokwenda kuchukua. Kisha mtoto atalia huko ndani, na mtu atasema njooni ndani. Nadhani ndivyo mambo haya yanavyokwisha, ingawa sijui, kwa sababu langu sikuliacha lifike hapo.

Nasikia mkungu wa ndizi umeshafungwa kamba. Nilikwambia.

Basi hivi ndivyo nimeamua. Mkeo akishajifungua salama huko hospitali ya Tosamaganga na akarudi nyumbani, nitangoja mwezi mmoja, halafu nitapanda basi. Sitaleta barua ya kukuuliza kama nije. Ila nakuacha na nafasi moja, ambayo mzee wangu sikumpa: kama hutaki nije, niandikie. Chukua karatasi, andika kwa mkono wako, "Baba, usije, naona haya." Mstari mmoja unatosha. Nitausoma mwenyewe, sitamwonyesha mama yako, sitakasirika, na nitabaki hapa na ng'ombe wangu na tutaendelea kuwa baba na mwana kwa barua. Nitakuheshimu kwa mstari huo kuliko ninavyojiheshimu mimi.

Lakini ukiniandikia habari ya korido, Asajile, nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Nakubusu mikono ambayo sikuibusu ulipokuwa mdogo,

Baba yako